Mchele Ndani ya Kasha la Gitaa

Kasha la gitaa la Owen lilifunguliwa siku ya Ijumaa, saa tatu kasoro robo asubuhi, katika kichumba cha vyombo nyuma ya ukumbi wa ibada, Abu Hamour, Doha. Ndani hamkuwa na gitaa. Mlikuwa na mchele.

Ilikuwa mifuko miwili ya basmati, imelazwa mmoja juu ya kiuno cha kasha na mwingine chini, na taulo kuukuu limesokotwa katikati ili mchele usicheze mtu akibeba. Aliyepanga hakuwa na haraka. Alipima uzito, akafunga vifungo vyote, akafuta hata vumbi juu ya kifuniko.

Nje waimbaji walikuwa wakijaribu vipaza sauti. Ndani walikuwamo watu wanne. Nyanchama, muuguzi wa kliniki, dada mkubwa wa marehemu Owen. Philip Mutai, kiongozi wa bendi, ambaye siku za kazi ni msimamizi wa makazi ya wafanyakazi kule Muaither, cheo ambacho wafanyakazi wenyewe hukiita kempbosi. Job, mpiga besi, mhudumu wa hoteli kwenye kisiwa cha The Pearl. Na Benard, Mganda, mlinzi wa makazi yale yale ya Muaither, ambaye asubuhi hiyo alilitoa kasha stoo na kulipakata kwenye basi la kampuni mpaka kanisani.

Nyanchama aliutazama mchele kama anavyotazama chati ya mgonjwa wa zamu ya mtu mwingine. Tangu mwisho wa Julai hakuwa amelia. Alikuwa akila, akilala, akipanda basi la wauguzi, akitoa sindano, na watu wakamsifu kwamba ana moyo. Hakuwa na moyo wowote. Alikuwa na ganzi, kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno.

Philip ndiye aliyeanza. Alimgeukia Benard, akamwuliza kwa sauti ya chini ufunguo wa stoo unakaa na nani. Benard akasema unakaa naye, na bosi anajua. Akaulizwa nani alilibeba kasha. Akasema ni yeye. Philip akanyoosha mkono, akapokea ufunguo, akautia mfukoni.

"Basi mimi sina la kuongeza," alisema. "Jumapili ofisi ikifunguliwa nitawapa jina. Wao na polisi watajuana."

Kila mtu mle ndani alijua maana ya sentensi hiyo. Mlinzi akishaandikwa mwizi Doha, hata mahakama isipomfunga, kampuni itamkatia tiketi. Lakini kwa Benard kulikuwa na zaidi ya tiketi, na Nyanchama ndiye aliyejua zaidi kuliko wote.

Owen alikuwa dereva wa usiku. Alilala mchana, peke yake, katika chumba cha nyuma cha makazi ya Muaither, wenzake wa chumba wakiwa kazini. Mchana mmoja wa Julai hakuamka. Cheti kilisema moyo ulisimama, sababu za kiasili. Kana kwamba yuko maiti ambaye moyo wake unaendelea kutembea. Waliokaa Ghuba muda mrefu wanayajua maneno hayo. Waliyasikia kwa yule kijana wa Siaya aliyekuwa akifunga nondo. Waliyasikia kwa Mnepali wa ghorofa ya tatu. Waliyasikia kwa baba wa watoto wanne kutoka Mbale aliyelala baada ya zamu akainuliwa na wabeba machela. Kila kiangazi maneno ni yale yale, majina tu ndiyo hubadilika, na baada ya miezi miwili watu huambiana wasifukue makaburi.

Benard hakuambiwa hivyo akasikia. Siku ya matanga, mbele ya watu wote uani, alisimama akasema kiyoyozi cha chumba cha Owen kilikuwa kimekufa majuma kadhaa kabla ya Owen kufa. Philip alimjibu palepale kwamba kiyoyozi kilikuwa kizima na anayetaka akakiwashe. Wakaenda, wakakiwasha, kikapuliza baridi. Benard akaonekana mropokaji. Hata hivyo Nyanchama alimfuata baadaye, akamwomba waende pamoja ofisi ya kazi ya serikali akayaseme maneno hayo mbele ya karani. Benard alikubali. Walikuwa wamepanga kwenda juma linalofuata.

Na sasa alikuwa mwizi. Nani atamwandikia mwizi ushahidi wake?

Ibada ya kumbukumbu ilifanyika bila gitaa. Philip aliiongoza vizuri. Alisimulia jinsi alivyomfundisha Owen kushika nyuzi kwa mara ya kwanza, na sauti ikamkatika mahali panapostahili.

*

Baada ya ibada Nyanchama alirudi kwenye kile kichumba akaketi sakafuni na kasha. Alitoa mchele, akapekua vijisanduku vyote vya ndani. Kibano cha shingo kilikuwepo. Kipima sauti kilikuwepo, kile cha Kijapani ambacho peke yake kingeuzwa siku hiyo hiyo. Waya ulikuwepo. Nyuzi mpya ambazo hazijafunguliwa zilikuwepo. Mkanda wa ngozi wa begani ulikuwepo.

Mwizi wa kuuza angebeba vyote. Mwizi wa kupiga angebeba walau mkanda.

Alimkuta Benard nje, kwenye kivuli cha ukuta, kofia ya kazi mapajani. Alimwuliza nani aliingia stoo juma lile. Benard alijibu kwa mpangilio wa mlinzi. Mpishi, kila asubuhi. Job, Jumatano baada ya saa kumi, aliomba alione gitaa, akakaa nalo kama nusu saa, akatoka mikono mitupu. Bosi Philip, Alhamisi mchana, kuhesabu mafuta ya kupikia; yeye Benard alikuwa ameitwa lango la nyuma kupokea gari la maji, hakumwona akitoka.

"Na wewe hukulifungua kasha asubuhi?"

"Nyabo, nilifungue nitafute nini? Mimi gitaa sijui hata kulishika. Nililibeba hivi," alionyesha kifuani, "kama mtoto wa watu."

Nyanchama akamwonyesha vitu vilivyobaki, akamwuliza kama kuna kinachokosekana. Benard ndiye aliyefungasha mali ya marehemu siku ile, akiwa na mwakilishi wa ofisi. Alitazama kwa makini, akihesabu kwa macho.

"Sabuni," alisema.

"Sabuni gani?"

"Kile kisahani cha sabuni. Cha plastiki, kina matundu, kimefungwa na kile kingine juu, ndani mna sponji. Kilikuwa humu, upande wa kichwa. Siku ile nilijiuliza, banange, huyu Mkenya anaogea kitandani?"

Nyanchama karibu acheke. Haikutoka. Alikijua kile kisahani. Doha gitaa hufa kwa ukavu kabla ya kufa kwa joto: viyoyozi hunyonya maji yote hewani, mbao hujikunja, uso ukapasuka kama kisigino. Wapigaji wenye pesa hununua pakiti za unyevu dukani. Owen alitoboa kisahani cha sabuni, akatia sponji mbichi, akakilaza kashani, na kila baada ya siku chache akakilowesha tena.

Aliyechukua gitaa aliacha kipima sauti cha bei, akachukua sponji ya kuoshea vyombo.

Huyo hakutaka kuliuza. Hakutaka pia kulivunja. Alitaka kulificha mahali penye baridi kali, tena alitaka lisife.

*

Ili hadithi hii ieleweke, sharti gitaa lenyewe lijulikane.

Lilikuwa Hayasegawa. Owen alilinunua kwa Mfilipino aliyekuwa akirudi kwao kabisa, na tangu siku hiyo kila aliyekaa naye alilazimika kusikia habari za ukoo wa Hayasegawa kama habari za Ibrahimu na Isaka. Mzee Hayasegawa mwenyewe alikuwa fundi wa masanduku ya nguo katika mji wa milimani, Japani. Baada ya vita hakuna aliyekuwa na nguo za kutia sandukuni, akaanza kutengeneza magitaa kwa mbao zilizobaki. Yakawa mazuri. Yakapakiwa melini kwenda nchi za joto, na huko yakafunguka gundi, shingo zikapinda. Wanunuzi wakaandika kwamba mbao ni mbovu. Mzee akajibu kwamba wao ndio waliyaacha juani. Wakabishana barua kwa barua miaka mingi, na mzee akafa akibishana.

Binti yake alipourithi useremala ule hakubishana na mtu. Alifanya mambo mawili. La kwanza, aliziingiza mbao tanuruni, akazioka polepole bila moto kuzigusa, mpaka zikawa kavu kama mbao za nyumba ya miaka mia, na sauti yake ikawa ya uzee. La pili, aliwaendea watengenezaji wa dawa akaazima rangi yao. Ndani ya kila gitaa, kando ya karatasi yenye jina, akabandika kidoa cha manjano kadiri ya ukucha. Gitaa likikaa kwenye joto la zaidi ya digrii arobaini kwa saa nyingi, siku baada ya siku, kidoa huwa cheusi. Safari ya dakika chache garini hakiitambui. Na kikishakuwa cheusi hakirudi. Mnunuzi akilalamika, fundi huchungulia kwa kioo, basi. Kesi imekwisha.

Nyanchama alikielewa kidoa hicho kwa haraka kuliko wanamuziki wote. Kwenye zahanati ya kwao Kisii, kabla hajaja huku, chupa za chanjo zilikuwa na alama ya namna hiyo hiyo. Iking'aa unachoma. Ikiingia giza unatupa, hata kama jokofu linakuambia liko sawa.

Jumanne ya juma lile duka la muziki lilimpigia simu. Alikuwa amewauliza kama dhamana ya gitaa inaweza kuhamia kwa mama yake nyumbani. Fundi wa duka akasema inaweza, alete Jumamosi, watatazama kidoa. Mara ya mwisho, mwisho wa Juni, Owen alipokuja kubadilisha nyuzi, kilikuwa manjano safi. Nyanchama akatuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha bendi, kueleza tu kwamba Ijumaa gitaa litapigwa na Jumamosi litakwenda dukani kutazamwa kidoa cha joto. Wengi waliweka vidole gumba. Mmoja alipiga simu. Aliuliza kidoa hicho kinaonyesha nini hasa. Nyanchama alimjibu, akakata, akaendelea kukunja nguo.

Sasa, ameketi na mchele mbele yake, aliikumbuka ile simu. Lakini sauti ya mtu kuuliza swali si ushahidi. Na Job alikuwa amekaa na gitaa nusu saa.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, alimkuta Job kwenye mlango wa wafanyakazi wa hoteli, The Pearl, amevaa fulana nyeupe, suruali ya kazi, viatu mkononi. Nyuma yake boti za matajiri zilikuwa zimefungwa kwa mpangilio kama ng'ombe wa maziwa.

Job alikuwa amelitamani gitaa lile tangu siku ya kwanza na hakuwahi kuficha. Aliwahi kumwambia Owen mbele za watu kwamba akifa gitaa atalirithi yeye, na Owen akasema afadhali amwachie paka. Utani wa namna hiyo, mtu akishakufa kweli, unabaki kooni kwa aliyeusema.

"Najua umekuja kuniuliza nini, sister," Job alisema. "Sikuiba."

"Jumatano ulikaa stoo nusu saa."

"Nilikuwa namuaga."

"Ulimuagaje?"

"Nyuzi zilikuwa zimelegea. Nilipiga tu ile wimbo yake mbovu." Akavaa kiatu kimoja. "Halafu nikachungulia hiyo doa yako na tochi ya simu. Ulikuwa umetuambia kuna doa, nikataka kuiona. Unaingiza simu na kamera ya selfi, unaona vizuri tu."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Nyeusi. Nyeusi ti, kama lami."

Nyanchama hakusikia kitu kifuani. Alisikia tu kwamba mkono wake wa kushoto umeshika ukuta. Akamwuliza alimwambia nani.

Job alifikiri. Alimwambia Philip, usiku huo huo, kwa simu. Alidhani Philip atajua maana yake, kwa kuwa ni mwalimu. Philip akasema labda ni wino umezeeka, tena asimsumbue Nyanchama na mambo madogo, amechoka.

"Swali la mwisho. Wewe unatunza gitaa lako na nini? Ukavu huu."

"Langu?" Job alicheka kidogo. "Langu ni plaiwudi, sister. Hiyo hata ukiiogesha na Omo inakuwa sawa. Mambo ya masponji ni ya kina Owen na Philip. Philip si ndiye alimfundisha kutoboa kisahani?"

Kiatu cha pili kikabaki mkononi.

"Ngoja nibadilishane zamu," alisema. "Nakuja na wewe."

*

Walifika Muaither saa nane mchana. Makazi yalikuwa jumba lililokuwa zamani la familia moja kubwa, sasa limegawanywa kwa mbao vyumba kumi na kitu. Vyumba vya mbele vilitazama barabara na lango. Vya nyuma vilitazama ukuta wa jirani, na jua la alasiri liliupiga ukuta huo likarudi dirishani mara ya pili. Stoo ya chakula ilikuwa chini, karibu na jiko, na kiyoyozi chake kilinguruma usiku na mchana. Viazi na vitunguu vya kampuni havikuwahi kupata joto.

Benard alikuwa langoni bila ufunguo wowote. Aliruhusiwa kusimama tu. Nyanchama alimwambia afuatane nao.

Kabla ya kubisha kwa Philip, alimwuliza swali moja: viyoyozi vya dirishani vya nyumba ile, je, vinahamishika? Benard akasema vinahamishika, parafujo nne na watu wawili. Basi alipata kuona kimoja kikihamishwa? Hakuona kikihamishwa. Lakini alichokiona ni kwamba mwanzoni mwa Julai, siku mbili kabla ya siku ambayo wakaguzi walitarajiwa, aliporudi kutoka likizo ya siku moja alikuta chumba cha mbele, ambacho kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa tangu Mei, kina baridi. Na kiyoyozi cha Owen kimeanza kupuliza moto. Hakuviunganisha. Na siku ya matanga, kilipowashwa kikapuliza baridi, alidhani yeye ndiye anayerukwa na akili.

Philip alifungua mlango. Chini ya mlango alikuwa ameziba kwa taulo lililokunjwa, baridi isitoke. Chumba chake kilikuwa safi: kitanda kimoja, kabati refu, Biblia, gitaa lake mwenyewe limening'inizwa ukutani. Alimwona Job, akamwona Benard, akataka kusema kitu kuhusu walinzi kuingia vyumbani. Nyanchama alikuwa ameshaketi kwenye kiti pekee.

"Mwalimu," alisema, "leo umeilowesha ile sponji?"

"Asubuhi," alisema Philip.

Kisha akafunga mdomo.

Kiyoyozi kilinguruma juu ya dirisha. Job alivuta pumzi ya mtu anayetaka kupiga, na Nyanchama akamwambia bila kugeuka akae kitandani. Job akakaa.

"Sponji ipi?" Philip alijaribu.

"Ya kisahani cha sabuni. Mwizi aliacha kila kitu cha thamani akachukua hiyo. Benard alidhani ni ya kuogea. Job hana haja nayo. Na aliyenipigia simu Jumanne kuuliza kidoa kinaonyesha nini ni wewe. Kuna mtu mmoja tu kwenye bendi ambaye hawezi kulaza gitaa mahali pakavu bila kulinywesha maji, hata akiwa analiiba." Alisema kama anayesoma majibu ya maabara. "Fungua kabati, mwalimu."

Philip hakufungua. Benard ndiye aliyefungua. Gitaa lilikuwa limesimama nyuma ya makoti, limevikwa foronya, nyuzi zimelegezwa kama inavyotakiwa, na kisahani kikining'inia kwa uzi ndani ya tundu lake. Job aliingiza simu, akapiga picha, akamwonyesha Nyanchama. Kidoa kilikuwa cheusi.

"Bendi ilipumzika Juni katikati, watu wakaenda likizo," Nyanchama aliendelea. "Mwisho wa Juni fundi alikiona kidoa, manjano. Tangu hapo gitaa halikutoka chumbani mwa Owen mpaka alipotolewa yeye. Likaenda stoo, kwenye baridi ya vitunguu. Kwa hiyo joto lile lililipata wapi?"

Philip aliketi ukingoni mwa kitanda, mbali na Job. Aliangalia mikono yake.

"Ilikuwa majuma mawili tu," alisema. "Nilipanga majuma mawili."

Kisha akasema yote, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ripoti. Ofisi iliarifiwa wakaguzi wanakuja. Wakaguzi huingia vyumba vya mbele, hunywa maji, huandika, huondoka. Cha mbele kilikuwa na kiyoyozi kibovu. Aliomba kipya. Meneja wa makazi akamwambia hakuna kipya mpaka mwaka uishe, ajipange na alivyo navyo. Akajipanga. Alimwita fundi wa nje, wakakitoa kizima cha Owen wakakiweka mbele, na kibovu cha mbele wakakiweka kwa Owen.

"Kwa nini Owen?" Job aliuliza.

"Kwa sababu hangelalamika." Philip alisema. "Wengine wangenipeleka mpaka ubalozini. Yeye nilimwambia, kijana wangu, nivumilie, akasema sawa mwalimu. Alinunua feni."

Wakaguzi waliahirisha mara mbili. Majuma mawili yakawa karibu mwezi. Mchana ule Owen alipokutwa, kabla hata daktari hajafika, wao wawili, Philip na meneja, walikubaliana. Kabla ya matanga viyoyozi vilirudishwa kila kimoja kwake.

"Na Benard?"

"Benard alikuwa anakwenda kusema. Meneja alijua. Aliniambia nitafute njia." Kwa mara ya kwanza alimtazama mlinzi. "Nilipoambiwa doa ni nyeusi nikaona njia moja inamaliza mawili. Gitaa linapotea, na wewe hakuna atakayekusikiliza."

"Bosi," Benard alisema taratibu, "mimi nilikuwa nakusalimia kila asubuhi."

Philip alimgeukia Nyanchama, na sauti ikawa ile ya kanisani. Alisema alilibeba gitaa mpaka jaani Alhamisi ile, alinyanyua mguu alikanyage, hakuweza. Alisema lile ndilo gitaa bora aliloligusa maishani. Alisema Nyanchama alichukue, na yeye Jumapili atawaambia ofisi lilipatikana, ilikuwa makosa, jina la Benard litoke. Hayo ya kiyoyozi tu yaachwe. Owen hatarudi kwa kiyoyozi.

Hapo ndipo pangefaa mtu kupiga kelele. Nyanchama alitafuta kelele ndani yake asiipate. Alichokipata ni jambo dogo, kavu, na alilisema.

"Mjapani alipotengeneza gitaa aliliwekea shahidi, lisije likaonewa. Ndugu yangu alilala pembeni ya gitaa hilo mwezi mzima, joto lile lile. Hakuna aliyemwekea kitu. Ulikuwepo wewe tu, mwalimu."

Philip aliinamisha kichwa.

"Gitaa hata ungelikanyaga," alisema Nyanchama. "Mimi si gitaa ninalotafuta. Utayasema uliyoyasema, na jina la meneja, mbele ya karani. Usiposema, sisi watatu tutasema, na picha hii itasema. Chagua uwe upande gani wa meza."

*

Jumapili Philip aliamka mapema, akapiga simu ofisini kwamba hakuna wizi wowote Muaither na kwamba Benard arudishiwe funguo. Funguo zikarudi kabla ya saa mbili. Kufikia saa nne ofisi ilikuwa imeshajua mengine, na ikafanya inachofanya siku zote: ikamsimamisha Philip, ikaandika kwamba alihamisha vifaa bila idhini, na meneja akatuma salamu za pole kwa maneno matamu. Alasiri hiyo hiyo mafundi walionekana wakipandisha viyoyozi vipya vyumba vyote vya nyuma. Mwaka haukuwa umeisha. Vilikuwepo.

Watu wa makazi walimshauri Benard atulie sasa. Amesafishwa, ana kazi, ana funguo. Mkataba wake unakwisha Machi. Wakamwuliza anatafuta nini tena. Hata Job, ambaye hakuwa mwoga, alimwambia kwamba ushahidi wa Philip peke yake unatosha, akae kimya amalize miezi yake. Benard aliwasikiliza wote kwa heshima, akawashukuru.

Jumatatu saa tano asubuhi alikuwa kwenye ofisi ya kazi, shati jeupe limepigwa pasi mikunjo miwili kila mkono. Nyanchama aliketi kulia kwake. Philip alikuwa viti vya nyuma, na karatasi ya kusimamishwa kazi imekunjwa mfukoni. Alikuja, hakukaribishwa, hakufukuzwa. Namba yao ilipoitwa, karani aliwatazama mmoja mmoja, mkalimani akauliza nani ataanza.

Nyanchama alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Julai sauti haikumtii. Akamgusa Benard kiwiko.

Benard alisogea mbele mpaka tumbo likagusa kaunta. Mkalimani akamwuliza jina. Alilitaja lake, akalitaja la babake, akalitaja la babu yake, polepole, akingoja kila moja limalize kuandikwa kabla ya kusema linalofuata.